Shekhar Mehta, dereva aliyeikimbia Kampala akaitawala Safari Rally

Mtu anayetoka Beni kwenda Mangina wakati wa mvua hahitaji kuelezwa matope ni nini. Katika eneo la Mabalako, jimbo la Kivu ya Kaskazini, lori la kakao likinasa, msururu wote nyuma yake husimama: motari wamebeba abiria wawili wawili, mama wenye vikapu vya ndizi, shofere akishuka na jembe mkononi. Hapo hakuna anayeuliza gari lina nguvu kiasi gani. Swali ni kama litafika.

Swali hilo hilo, kama litafika, ndilo lililoamua kwa miaka mingi nani bingwa wa mashindano makubwa kuliko yote ya magari katika Afrika. Na mtu aliyelijibu vizuri kuliko wenzake wote hakuzaliwa Ulaya. Alizaliwa Kampala, safari ya siku moja na ushee kutoka mpaka wetu wa Kasindi. Jina lake ni Shekhar Mehta. Vijana wanaofuata Formula 1 kwenye simu zao leo hawamjui, ingawa baba zao waliokuwa na redio miaka ya sabini huenda wanamkumbuka. Alifariki mwaka 2006, na kwa maoni ya mwandishi huyu ametajwa kidogo mno tangu hapo.

Kabla ya kumweleza yeye, lazima tueleze mashindano yenyewe, kwa sababu hayakuwa kama mengine.

Huko Marekani, mashindano ya magari yanayopendwa zaidi ni yale ya kuzunguka uwanja wenye umbo la yai. Magari yalianza yakiwa yale yale yanayouzwa dukani, yakizunguka mara mamia mbele ya watu waliokaa majukwaani. Uwanja mmoja mgumu sana uko Darlington, jimbo la South Carolina. Umbo lake halilingani pande zote mbili: upande mmoja kona ni pana, upande mwingine imebana. Sababu yake inachekesha. Mwenye ardhi alikuwa na bwawa la samaki na hakutaka liguswe, kwa hiyo mjenzi akabana kona kulikwepa. Mbio za kwanza pale, Septemba 1950, zilikuwa za maili 500, yaani kilomita 800 na kidogo, na magari 75 yalianza. Mshindi alikuwa Johnny Mantz, akiwa na Plymouth iliyokuwa miongoni mwa magari ya polepole uwanjani. Wenye magari ya kasi walipasua matairi na kuingia kubadilisha kila mara. Mantz alikuwa amefunga matairi magumu, akaenda mwendo wake, akawaacha wote.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na uwanja wa kuzunguka. Uliitwa Langa Langa, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, upande wa Nakuru. Walowezi wa Kiingereza walikuwa wakishindana pale. Mmoja wao, Eric Cecil, alimkaribisha binamu yake Neil Vincent aje kushiriki, na Vincent akakataa. Hakuona raha yoyote katika kupita kona zile zile mchana kutwa. Alichotaka ni kuingia ndani ya gari, kufunga mlango, kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, na atakayefika nyumbani kwanza awe ndiye mshindi.

Maneno hayo ya mtu aliyechoka na kuzunguka ndiyo yaliyozaa Safari. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa Uingereza, Cecil na wenzake waliandaa mwendo mrefu wa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakauita Safari ya Kutawazwa. Magari yalipaswa kuwa ya kawaida, kama yanavyouzwa dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake badala ya ukubwa wa injini. Mnunuzi alitaka kujua pesa yake inanunua nini, na barabara ingemjibu. Mwaka 1960 jina likabadilishwa kuwa Safari ya Afrika Mashariki, na wakati wake ukawa Pasaka, ambapo mvua za masika zinaanza.

Msomaji aelewe namna yalivyohesabiwa. Siku hizi rally ni vipande vifupi vya barabara iliyofungwa, gari moja moja, saa ikipigwa hadi sehemu ndogo ya sekunde. Safari ya zamani haikuwa hivyo. Barabara zilibaki wazi. Ng'ombe walivuka, mabasi yalikuja mbele, watoto walitoka shule. Waandaaji waliweka vituo vya ukaguzi na muda wa kufika kila kituo, na muda huo mara nyingi ulikuwa mfupi kiasi kwamba hakuna binadamu angeweza kuutimiza. Kila dakika uliyochelewa iliandikwa kama adhabu. Mwenye adhabu chache mwishoni, baada ya kilomita 5,000 hivi, mchana na usiku, ndiye mshindi. Kulala kulikuwa kwa kuibia. Kama gari lilizama mtoni, hiyo ilikuwa shida yako.

Ndiyo maana magari ya Safari yalikuwa na sura ya pekee: ngao ya chuma mbele kwa ajili ya wanyama, taa kubwa kwa ajili ya usiku na vumbi, bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu hadi karibu na paa ili injini isinywe maji. Timu kubwa zilikuwa na magari ya mafundi yaliyowangoja njiani, na baadaye hata ndege ndogo angani zikizungumza na dereva kwa redio. Watu wa vijijini nao walikuwa sehemu ya mashindano. Gari likinasa, wao ndio walilisukuma. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaoshika mguu wa mtu hadi kiatu kikabaki chini, dereva asiyejua kuomba msaada alikuwa amekwisha. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakafika mwisho. Mwaka 1968 yakafika tena 7.

Katika mazingira hayo wageni kutoka Ulaya walikuja mwaka baada ya mwaka, na kurudi kwao mikono mitupu. Mabingwa wa theluji za Sweden na Finland, waliozoea kushinda kila mahali, walishindwa na madereva wa hapa: Waingereza wa Kenya, Wahindi, Wajerumani waliohamia. Bingwa wa 1965, Joginder Singh, alikuwa Kalasinga mzaliwa wa Kericho, fundi wa magari, mtu wa kilemba. Ilichukua hadi 1972 ndipo Hannu Mikkola wa Finland akawa wa kwanza kutoka ng'ambo kulichukua kombe, kwa Ford Escort.

Sasa tumfikie mtu wetu.

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba makubwa. Ukoo wa Mehta ndio uliojenga kiwanda cha sukari cha Lugazi, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja, kazi iliyoanzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924. Kwa hiyo huyu si kijana aliyetoka katika umaskini, na hatuna haja ya kumtungia hadithi hiyo. Alikuwa mtoto wa matajiri. Alianza kushindana akiwa na miaka ishirini na kidogo, kwa gari la BMW, na mwanzoni watu wangeweza kumwona kama kijana mwingine tu anayechezea pesa za nyumbani.

Fikra hiyo ilikufa mwaka 1971. Kampuni ya Datsun ya Japani ilikuwa imeshinda Safari mwaka uliotangulia, na sasa ilileta gari jipya, 240Z, gari dogo la michezo lenye injini ya silinda sita. Edgar Herrmann, dereva aliyeishi Kenya, alishinda kwa gari hilo. Nyuma yake, wa pili, kwa gari la namna hiyo hiyo, akaja Mehta akiwa na Mike Doughty kando yake kama mwelekezi. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Lakini mwaka huo huo wa 1971, tarehe 25 Januari, Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka Uganda. Na mwezi Agosti 1972 Amin akatangaza kwamba Wahindi wa Uganda lazima waondoke, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu walifunga virago. Wengi walikuwa wamezaliwa pale, baba zao wamezaliwa pale, na lugha za pale walizisema vizuri kuliko walivyosema Kiingereza. Waliruhusiwa kubeba kidogo sana. Maduka, nyumba, mashamba na viwanda vilibaki na kugawanywa kwa wengine. Mali ya Mehta ilikwenda njia hiyo hiyo. Familia ilivuka mpaka na kuingia Kenya.

Katika Beni na Butembo hatuhitaji maelezo marefu kuhusu jambo hilo. Kila mtaa una watu waliofika na godoro kichwani, waliokuwa na shamba la kakao au kahawa jana na leo wanaomba chumba kwa ndugu. Ni kweli kwamba tajiri akikimbia hukimbia na jina lake na marafiki zake, na Mehta alikuwa navyo vyote viwili. Hata hivyo nchi ni nchi. Kijana aliyekuwa fahari ya Uganda katika mchezo huu aliamka akiwa mtu wa kwingine.

Miezi michache tu baadaye, Pasaka ya 1973, alisimama kwenye mstari wa kuanzia.

Mwaka huo ulikuwa na uzito wa pekee. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na ubingwa wa dunia wa rally, na Safari ilipewa nafasi kuwa duru ya nne, baada ya Monte Carlo, Sweden na Ureno. Macho ya viwanda vyote vya magari yalikuwa Nairobi. Mehta alikuwa na Datsun 240Z, na mwelekezi wake safari hii alikuwa Lofty Drews. Mpinzani wake mkubwa alikuwa ndani ya timu yake mwenyewe: Harry Källström wa Sweden, aliyewahi kushinda mara mbili rally ya Uingereza, akiendesha Datsun nyingine, ndogo zaidi, yenye injini ya lita 1.8.

Maelfu ya kilomita yakapita. Magari yakavunjika moja baada ya jingine, kama kawaida. Na hesabu zilipojumlishwa mwishoni, ikaonekana jambo ambalo ni vigumu kuliamini katika mashindano ya siku nyingi na umbali huo: Mehta na Källström walikuwa sawa sawa. Adhabu zao zililingana kabisa, dakika kwa dakika. Ikabidi wafungue kanuni ya kuvunja sare, na kanuni ikampa Mehta ushindi.

Wapo waliosema kwamba ushindi wa namna hiyo ni wa karatasi. Mimi sikubali. Kanuni iliandikwa kabla ya mashindano, na wote wawili waliijua. Zaidi ya hayo, ushindi ule ulifungua mambo mawili ambayo hayawezi kufutwa. Mehta akawa dereva wa kwanza asiye wa Ulaya kushinda duru ya ubingwa wa dunia wa rally. Na Datsun likawa gari la kwanza la Japani kufanya hivyo.

Hili la pili linatugusa sisi hapa moja kwa moja. Simama kando ya barabara kuu ya Butembo kwa nusu saa, uhesabu magari. Karibu yote yametoka Japani, mengi yakiwa yamepitia Mombasa na Uganda hadi Kasindi, na mengi bado usukani wake uko upande wa kulia ijapokuwa sisi huendesha kulia mwa barabara. Sababu za biashara ni nyingi, bei ikiwa ya kwanza. Lakini imani ya watu ilijengwa mahali fulani, na sehemu kubwa ilijengwa kwenye Safari. Mkulima wa Kenya au Tanzania aliyeona Peugeot ikishinda alinunua Peugeot. Alipoanza kuona Datsun ikitoka matopeni mbele ya wengine, akabadilisha mawazo. Viwanda vilijua hivyo, ndiyo sababu vilitumia pesa nyingi katika mashindano ambayo hayakuwa na majukwaa wala tiketi.

Baada ya 1973 ikaja miaka ya ukame. Joginder Singh alishinda 1974 na tena 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Colt Lancer. Ove Andersson wa Sweden alichukua 1975 kwa Peugeot 504, Björn Waldegård 1977 kwa Ford, Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa 1978 kwa Peugeot. Wageni walikuwa wamejifunza. Walikuja mapema, wakaipita njia yote wakiandika kila jiwe na kila daraja, wakaleta mafundi wengi na vipuri vingi. Mashindano nayo yalikuwa yamepungua mipaka: Uganda ikatoka, kisha Tanzania, yakabaki ndani ya Kenya peke yake na kuitwa Safari Rally. Ilionekana kama enzi ya madereva wenyeji imepita.

Mwaka 1979 Wajerumani walikuja na Mercedes 450 SLC, gari kubwa lenye injini ya silinda nane na lita tano. Ndani yake walikaa Mikkola na Waldegård, watu wawili waliokwisha kuishinda Safari. Mehta, akiwa na miaka 33, alikuwa na Datsun 160J, ambayo kwao Japani iliitwa Violet. Kwa macho lilikuwa gari la mwalimu wa shule. Dogo, la mraba, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, hakuna cha kushangaza ndani yake. Mike Doughty alikuwa amerudi kiti cha kando.

Hapa ndipo msomaji wa Mabalako anaweza kukisia matokeo kuliko mtu wa Paris. Gari zito lenye nguvu likiingia matopeni huchimba. Jepesi huelea. Kwenye mawe, kila kilo ya ziada ni pigo kwa springi. Mercedes zilikuwa na kasi ya kutisha kwenye njia zilizonyooka, lakini Safari haikuwa njia iliyonyooka. Mehta alishinda, na Mikkola akawa wa pili. Waldegård, ambaye mwaka huo ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa madereva, alifika nyuma zaidi.

Mwaka 1980 Mehta akashinda tena, kwa gari la aina ile ile. Wa pili alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, mwenzake wa timu, mtu mwenye akili nyingi aliyewahi kushinda Monte Carlo mwaka 1967 kwa gari dogo la Mini. Aaltonen aliipenda Safari kwa namna ya huzuni. Alirudi na kurudi, akafika wa pili mara nyingi, na hakushinda hata mara moja. Mwaka 1981 hali ikawa hiyo hiyo: Mehta wa kwanza, Aaltonen wa pili, Datsun mbele na Datsun nyuma. Mtu akimhurumia Aaltonen hatakosea. Kuwa na gari lile lile, mafundi wale wale, pesa ile ile, na bado mwenzako anafika kabla yako miaka miwili mfululizo, hiyo haiwezi kuelezwa kwa chuma.

Basi ilielezwa kwa nini? Wanaojua mchezo huu hutaja subira. Mehta hakuwa dereva wa kuruka kila kilima ili watu wapige kelele. Alijua gari linavunjika wapi. Katika kilomita 5,000, kosa moja la kujionyesha siku ya kwanza hulipwa siku ya tatu usiku, mbali na fundi. Alijua pia mvua. Mzaliwa wa ukanda huu hutazama mawingu na kujua mto upi utakuwa umejaa jioni, mahali ambapo mgeni anatazama karatasi yake. Johnny Mantz wa Darlington angemwelewa. Matairi magumu, mwendo wako, waache wenye haraka wasimame njiani.

Hata hivyo tusimfanye mtu wa polepole. Mwaka huo wa 1981 alimaliza wa tano katika msimamo wa dunia wa madereva, jambo ambalo halipatikani kwa kusubiri wengine waharibikiwe. Alishindana Amerika Kusini, Afrika Magharibi na Ulaya. Katika safari nyingi za nje mwelekezi wake alikuwa mke wake, Yvonne, mwanamke aliyekuwa anajua rally kabla ya ndoa na aliyekaa katika kiti kile si kama pambo. Kusoma ramani na maandishi kwa sauti ndani ya gari linaloruka mashimo, saa nyingi, huku dereva akitegemea kila neno lako, ni kazi ya watu wachache. Kufanya hivyo na mume wako, na bado mkala chakula pamoja jioni, ni kazi ya wachache zaidi.

Pasaka ya 1982 ilikuwa ya mwisho kwa ushindi wake, na pengine ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi. Mpinzani alikuwa Walter Röhrl, Mjerumani mrefu aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1980 na ambaye angekuwa bingwa tena mwishoni mwa mwaka huo wa 1982. Wengi walimhesabu kuwa dereva bora kuliko wote wa kizazi chake. Alikuwa na Opel Ascona 400, gari imara, na timu ya Kijerumani isiyosahau hata skrubu moja. Mehta alikuwa na Datsun yake ya Violet, gari ambalo kufikia hapo lilikuwa linazeeka. Röhrl alimaliza wa pili.

Ushindi wa tano, na wa nne mfululizo. Hakuna aliyewahi kushinda Safari mara tano kabla yake. Baadaye, mashindano yalipokuwa yametoka kwenye ubingwa wa dunia, Mkenya Carl Tundo naye alifika idadi hiyo. Lakini minne mfululizo, tena dhidi ya mabingwa wa dunia na timu za viwanda, imebaki ya Mehta peke yake. Kuna hesabu nyingine ninayoipenda zaidi: jina la Datsun limeandikwa mara saba kwenye orodha ya washindi wa Safari. Mbili ni za Herrmann. Tano zote zilizobaki ni za Mehta.

Wakati huo mchezo ulikuwa unageuka. Audi walileta gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, kisha Peugeot na Lancia wakafuata kwa magari yaliyofanana na ya dukani kwa jina tu. Lile wazo la 1953, kwamba mtu aone gari analoweza kununua likiteswa barabarani, lilikuwa limekufa. Mehta aliendelea kushindana, lakini Safari hakuishinda tena.

Mwaka 1987, katika mashindano ya jangwani ya Mafarao nchini Misri, alipata ajali mbaya. Ilimaliza kazi yake ya udereva. Alikuwa na miaka 42.

Wengi wangekwenda nyumbani. Yeye alihamia upande wa pili wa meza. Alijihusisha na uandaaji wa rally, kisha akaingia katika shirikisho la kimataifa la magari, FIA, na kufika hadi kuongoza tume yake ya rally. Kwa mtu aliyefukuziwa kwao akiwa kijana, kukaa mahali ambapo sheria za mchezo mzima wa dunia zinaandikwa si jambo dogo. Na ilikuwa miaka migumu kwa mchezo aliokulia. Madereva na viwanda vya Ulaya walilalamika kwamba Safari ni ndefu mno, ghali mno, haifanani na duru nyingine. Baada ya mashindano ya 2002, yaliyoshindwa na Colin McRae wa Scotland, Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia. Mehta aliishi kuyaona hayo.

Hakuishi kuyaona yaliyofuata. Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, si mbali na pale palipokuwa na uwanja wa zamani wa Langa Langa. Mwaka huo ilikuwa kama kilomita 320 za kushindania, barabara zikiwa zimefungwa, magari yakipaa kutoka kona hadi kona. Ni nzuri kutazama. Vumbi la unga linalomeza gari zima bado liko, na mvua bado inaharibu mipango ya Wazungu. Lakini usiku hawaendeshi tena hadi asubuhi, na hakuna mwanakijiji anayeitwa kusukuma. Wala hakuna dereva wa Afrika Mashariki aliyeishinda ikiwa duru ya dunia tangu Ian Duncan wa Kenya mwaka 1994.

Uganda nayo ilibadilika. Amin alianguka mwaka 1979, Pasaka ile ile ambayo Mehta alianza mfululizo wake: Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, na siku chache baadaye Datsun ilikuwa inapokewa Nairobi kwa shangwe. Ukoo wa Mehta ulirudi baadaye Lugazi kufufua kiwanda, na sukari yake inauzwa hadi leo. Waganda wanaoendesha rally wanamhesabu Shekhar kuwa wao. Wakenya wanamhesabu kuwa wao, kwa kuwa alishinda akiwa kwao. Ugomvi huo ni wa kirafiki, na hauwezi kuisha.

Alikufa London baada ya kuugua, siku ya Jumatano tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa siku nne kabla ya Pasaka.